Wanne wa Dar wanauliza: tamasha gani la ngoma za asili, na tukifika tusikilize nini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tuko marafiki wanne, wote tunafanya kazi Dar es Salaam. Tumekulia bongofleva na singeli, na mmoja wetu ni mtengenezaji wa midundo. Mwaka huu tumeamua wikiendi moja tuitumie kwenye tamasha la ngoma za asili. Mmoja anasema Sauti za Busara, mwingine Bagamoyo, na mwenzetu ambaye baba yake ni Mgogo anasema twende Chamwino, Dodoma, ingawa yeye mwenyewe Cigogo hakijui. Twende wapi? Na tukifika tusikilize nini hasa, wakati maneno hatuyaelewi? Hatutaki kuonekana tumekwenda kupiga picha tu. (Na bia huko inapatikana?)

JIBU: Marahaba. Nendeni Chamwino.

Hayo mengine mawili siyadharau, na kila moja lina wakati wake. Sauti za Busara ipo Unguja tangu 2004, hufanyika Februari, na moyo wake umekuwa Ngome Kongwe pale Mji Mkongwe. Sifa yake kubwa ni kwamba muziki unapigwa mubashara: hakuna msanii anayepanda jukwaani na flashi. Lakini mtakachosikia huko ni Afrika nzima kwa mkupuo, magitaa, rege, taarabu, vikundi kutoka nchi ambazo hamjawahi kuzifikiria, na ngoma za asili kidogo katikati. Ni karamu nzuri. Tatizo ni kwamba kila kikundi kina muda mfupi jukwaani, na mtu anayeanza kujifunza kusikiliza hupata shida pale anapobadilishiwa lugha, mizani na vyombo kila baada ya saa moja. Tena Februari ni msimu wa wageni, malazi ya Mji Mkongwe hayamhurumii mtu wa mshahara.

Bagamoyo ni karibu na nyumbani kwenu. Chuo cha Sanaa kilianzishwa pale 1981, leo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na tamasha lake ni kati ya yale makongwe nchini. Mtaona sindimba ya Wamakonde, bugobogobo ya Wasukuma, lizombe ya Wangoni, zote katika jioni moja, nyingine zikichezwa na vijana walewale waliobadili mavazi nyuma ya pazia. Kwa jicho ni shule bora kabisa. Ila ngoma ikishapimwa kwa ajili ya jukwaa hukatwa: mwanzo wake mrefu unaondoka, na yale marudio ambayo ndiyo yanayompandisha mtu mori yanapunguzwa ili ratiba isonge.

Chamwino ni jambo jingine. Tamasha la muziki wa Cigogo huandaliwa kijijini na Kituo cha Sanaa Chamwino, juhudi zilizoanzishwa na Dkt. Kedmon Mapana, Mgogo aliyefundisha muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye akawa Katibu Mtendaji wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Vikundi vinatoka vijiji vya Ugogo, wakubwa kwa watoto wa shule, na watazamaji wengi ni watu wanaozijua nyimbo hizo tangu migongoni mwa mama zao. Hilo la watazamaji ndilo linalonifanya niwatume huko. Mwimbaji akitia neno jipya kwenye wimbo wa zamani, mtaona bibi mmoja anacheka kabla nyinyi hamjajua kuna kichekesho. Mfuateni yule bibi kwa macho. Atawafundisha zaidi ya kipeperushi chochote.

Kwa kawaida hufanyika katikati ya mwaka, mwezi Julai, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani na watu wakiwa na nafasi. Tarehe hutangazwa mwaka kwa mwaka, kwa hiyo msiombe likizo kabla hamjaithibitisha.

Safari yenyewe siku hizi si kazi. Treni ya SGR ilipofika Dodoma mwaka 2024 ilifupisha njia hiyo hadi saa nne hivi, na nauli ya daraja la kawaida ilianzia shilingi 31,000. Kateni tiketi mapema, vitambulisho mkononi. Jambo moja watu wa Dar hulisahau: Chamwino iko upande wenu wa mji, kilomita 30 na ushei kabla ya kufika Dodoma, kandokando ya barabara kuu itokayo Morogoro. Mkipanda basi mnaweza kuomba kushuka hapohapo. Mkipanda treni mtapitiliza hadi mjini, kisha mrudi na daladala. Kwa kuwa mko wanne, gari la kukodi mkichangishana halitawaumiza sana, na litawapa uhuru wa kuondoka usiku.

Bebeni sweta. Nasema kweli, sweta. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai upepo wake hauna mzaha na mtu aliyezoea joto la Kariakoo. Mchana ni jua kali na vumbi, kwa hiyo leso ya kufunika pua, kofia na maji. Chukueni noti ndogondogo za kutosha, nitaeleza kwa nini.

Sasa tuingie kwenye swali lenu lenyewe, la kusikiliza.

Mkifika, masikio yenu yatakimbilia maneno, na kwa kuwa hamyaelewi mtachoka baada ya nyimbo tatu. Yaacheni kwanza. Anzeni na muheme, ngoma za wanawake. Ni ngoma nyembamba katikati, mpigaji amesimama ameibana mapajani, anaipiga kwa mikono miwili huku mwili wote ukicheza. Asili yake iko kwenye mambo ya jando na unyago, na ndiyo maana wenyewe ni akina mama. Hata inapochezwa hadharani kwa burudani, msije mkadhani ilitungwa kwa ajili ya burudani.

Katika kundi la muheme, wengi wao wanarudia pigo moja bila kuchoka. Chagueni mmoja wa hao na mumsikilize peke yake kwa dakika nzima, kama vile wengine hawapo. Pigo lake likishaingia mwilini, hamieni kwa jirani yake. Mtagundua kwamba anahesabu tofauti: huyu anagawa muda kwa mbili, yule kwa tatu, na wote wanatua pamoja. Ndipo mtafuteni kiongozi. Huyo harudii. Anaongea, anakatiza, anaita mabadiliko, na wachezaji wanamjibu kwa miguu. Nyie wa singeli hapa mna faida kuliko mnavyodhani, kwani masikio yenu yameshazoea kasi. Kinachowapungukia ni kuvisikia viungo vyake kimoja kimoja, sababu kwenye singeli kompyuta imeshawachanganyia.

Msisahau njuga. Mchezaji aliyefunga njuga miguuni ni mpigaji pia. Akikanyaga, ni pigo linaongezwa kwenye hesabu. Kwa hiyo ukimtazama bila kumsikiliza umekosa nusu ya kazi yake.

Kutakuwa na nyakati ambapo hakuna kinachoendelea, na hapo ndipo mwenzenu mmoja ataanza kuangalia simu. Mwambieni atazame kwenye moto. Ngozi ya ngoma hulegea, na huwambwa upya kwa kusogezwa karibu na joto. Anayezitunza anazigongagonga, anasikiliza, anarudisha, anageuza upande. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya tamasha inayofundisha sikio haraka kuliko zote, maana mnaisikia sauti ileile ikipanda kidogokidogo mpaka mwenyewe anaridhika.

Halafu sauti za watu. Hapa nitakaa kidogo, na mtengenezaji wa midundo asogee karibu.

Mtasikia uimbaji wa sauti nyingi kwa pamoja, na mara ya kwanza mtasema kuna mtu ametoka kwenye ufunguo. Hakuna. Chukua uzi uliokazwa vizuri, wa gitaa au wa zeze. Uguse katikati kidogo tu bila kuukandamiza, ukiupiga utatoa sauti ya juu nyembamba. Uguse penye theluthi yake, utatoa nyingine. Robo, nyingine tena. Sauti hizo zimo ndani ya uzi wenyewe kwa maumbile, hakuna aliyezipanga. Ngazi ya muziki wa Wagogo imejengwa juu ya sauti za namna hiyo: ni ngazi ya noti tano, ambazo mtu wa kinanda angeziandika do, re, mi, so na ti iliyoshushwa. Ila kinanda kinazikosea. Ile ti ya maumbile iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni (hatua ndogo kabisa ya kinanda), na mi nayo iko chini kidogo. Wataalamu wa muziki wa Afrika wamelichunguza sana jambo hili, Gerhard Kubik wa Austria akiwa mmoja wao, na Ugogo ni mfano unaotajwa kila mara.

Vinanda vyetu vimesogezwa kwa makusudi ili viweze kupiga kila ufunguo. Waimbaji wa Chamwino hawajasogeza kitu. Kwa hiyo sauti zao zikikutana huwa zinakaa, zinatulia moja juu ya nyingine, mpaka unahisi hewa inatetemeka. Mwimbaji wa pili hafuati wa kwanza kwa umbali ule ule muda wote. Anaruka noti moja ya ngazi yao, na kwa kuwa ngazi yenyewe haina hatua sawa, umbali kati yao unapanuka na kubana kadiri wimbo unavyotembea. Juu ya hayo kuna mtindo wa kuvunja sauti, mtu anatoka sauti ya kifua kwenda ya kichwani kwa ghafla na kurudi. Jaribuni mkiwa kwenye gari. Mtacheka, kisha mtawaheshimu.

Ilimba na zeze zinastahili siku yake. Ilimba ya Wagogo ni kubwa kuliko marimba za vidole mlizoziona kwenye maduka ya vinyago, ina sanduku pana na vyuma vingi. Si vyuma vyote vinavyopigwa: vingine vimewekwa vitikisike vyenyewe pale jirani yake anapoguswa. Na kwenye sanduku kuna tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, ambao huipa sauti ile mvumo kama wa nyuki. Mtu wa studio akiisikia atatamani kuisafisha hiyo mivumo. Asiiguse, imewekwa kwa kazi.

Aliyeifanya dunia iijue ilimba hii ni Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doboma, Dodoma. Mwalimu Nyerere alimsikia akamwita Dar es Salaam, baadaye akawa nguzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akazunguka mabara na ukoo wake hadi alipofariki Desemba 2003. Kati ya wanaoendeleza kazi hiyo ni wanawake wa ukoo wake wanaojiita Zawose Queens, waliotoa albamu mwaka 2024. Hilo lina uzito wake, kwa sababu zamani ilimba na zeze zilikuwa mikononi mwa wanaume, akina mama wakabaki na muheme na kuitikia. Wasikilizeni hao wiki moja kabla ya safari. Msikilize wimbo mmoja mara nyingi, si nyimbo nyingi mara moja moja.

Mtengenezaji wa midundo, najua unachokiwaza. Unataka kurekodi muheme, ukate sekunde nane, uziweke chini ya ngoma yako. Mambo mawili. La kwanza ni la ufundi: ukiyapitisha mapigo hayo kwenye gridi ya kompyuta yanakufa, na ukizipitisha sauti zile kwenye otochuni, programu ya kunyoosha sauti, utakuwa umezifuta zile noti nilizozieleza hapo juu, yaani umebeba ganda ukaacha tunda. La pili ni la haki. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake kunahitaji kibali. Usisikie mtu akikwambia nyimbo za asili hazina mwenyewe. Kabla ya sheria, kuna kikundi: kina kiongozi, kina jina, mara nyingi kina mtunza hazina. Mfuate baada ya onyesho, mwambie wazi unataka kufanya nini, mkubaliane malipo, mwandike, wote wasaini. Na kama wakikataa, wamekataa. Ningekushauri hata hivyo ziara hii ya kwanza usirekodi kwa ajili ya kazi. Nenda ukajifunze pigo moja kwa mikono yako. Ukiliweza, utalitengeneza mwenyewe studio, na litakuwa lako zaidi.

Kuhusu simu kwa jumla: kubalianeni kwamba kwa kila onyesho mmoja tu ndiye anayepiga video, wengine watatu simu mfukoni. Mnapokezana. Anayepiga achukue wimbo mzima kuanzia uitaji hadi mwisho, kwa sababu vipande vya sekunde kumi na tano havitawasaidia mkirudi na kutaka kukumbuka. Kabla ya kumpiga mtu picha kwa karibu, hasa mama anayenyonyesha au mtoto, omba. Na elekezeni kamera kwenye ngoma: Chamwino ndiko iliko Ikulu, ile mpya iliyozinduliwa Mei 2023, na huko hapapigwi picha wala kurushwa droni. Sitaki mniandikie swali la pili mkiwa kituo cha polisi.

Noti ndogo nilizosema ni za kutunza. Mchezaji akikukonga moyo, unatoka unamtunza, kama mnavyofanya kwenye harusi. Lakini subirini kwanza muone wenyeji wanafanyaje siku hiyo. Kuna kikundi kinachopokea mkononi, kingine kina kikapu. Msimwage noti kumi kwa mpigo mbele ya watu ili mrekodiwe na wenzenu. Elfu moja ya adabu inapokelewa vizuri kuliko elfu kumi ya mbwembwe.

Je, mcheze? Mkiitwa, ndiyo, bila kujivutavuta. Msipoitwa, kaeni. Walio wanawake kati yenu wafunge khanga au kitenge, kaptula ziachwe kwenye begi. Salamu ya kujifunza ni "mbukwenyi" kwa watu wengi, nao watawaitikia "mbukwa". Mkiisema kwa lafudhi ya Dar watacheka, na hicho kicheko kitawafungulia mazungumzo.

Mwenzenu ambaye baba yake ni Mgogo ana kazi ngumu kuliko nyie watatu. Ataulizwa ni wa ukoo gani na wa kijiji gani, na ataulizwa na wazee, si kwa uchokozi ila ndivyo mtu anavyowekwa mahali pake. Asisubiri aulizwe ndipo aanze kutafuta. Ampigie baba yake, au afadhali shangazi, kabla ya safari, aulize kijiji, ukoo, na wimbo gani uliimbwa nyumbani. Akifika na jina la kijiji tu inatosha, atapata mtu anayemjua mtu. Na asijifanye mkalimani wenu. Hajui Cigogo, na akianza kubuni maana za nyimbo mtarudi Dar na uongo. Tafuteni kijana wa palepale, wengi wanazungumza Kiswahili kama nyie, mumwombe awaeleze wimbo mmoja au miwili kwa kina, mumlipe chochote. Mtashangaa: nyimbo nyingi zinasimulia watu wanaojulikana, ukame, viongozi, mambo ya shule, afya. Mtunzi wa Kigogo hasiti kumtaja mtu aliyekaa mstari wa mbele.

Chakula ni ugali wa uwele au wa mtama, mlenda, nyama ya mbuzi. Mlenda mtaukuta kila mahali, na anayeukataa bila kuonja ajue wenyeji wamemwona. Bia aliyoiuliza mmoja wenu (naona mmeandika swali hilo mwishoni kwa herufi ndogo) haitakosekana karibu na barabara kuu. Pombe ya mtama ya nyumbani nayo ipo, lakini kunyweni mliyokaribishwa na mwenye nyumba, na kwa kiasi, kwa sababu jua la Dodoma mchana linaipandisha kichwani upesi.

Mwisho, msikate tiketi ya kurudi Jumapili asubuhi. Kateni ya jioni, au ya Jumatatu alfajiri kama ofisi zinaruhusu. Jumapili asubuhi nendeni kanisani, hata kama si wa dini hiyo, mkaombe kukaa nyuma. Ugogo ni nchi ya kwaya, Waanglikana wakiwa na mizizi mirefu sana huko tangu wamisionari wa karne ya 19, na nyimbo za jadi zimeingia ibadani zikiwa na maneno mapya. Kuna uwezekano mkubwa mtawaona mle wanawake walewale waliopiga muheme Jumamosi, wamevaa sare ya kwaya, na wakianza kuitikia mtatambua noti ile ile ya ti, mahali pale pale chini ya kinanda. Mara nyingine kinanda cha kanisa kinapigwa papo hapo, na mtasikia vitu viwili vikivutana. Mtengenezaji wa midundo akae upande wa spika.